Mkwaruzo wa Pikipiki: Upi Uumalize Mwenyewe, Upi Umwachie Fundi

Pikipiki nyingi huchubuka zikiwa zimesimama. Stendi inazama mchangani, mwenye gari anarudi nyuma bila kuangalia, mtoto wa jirani anapanda ajifunze gia, na chombo kinalala ubavu. Ukikiinua unakuta tangi limechubuka, kava la pembeni lina ufa, madigadi ya mbele imeota alama nyeupe. Hapo kijiwe kizima kinageuka gereji. Mmoja anakwambia nunua rangi ya kopo upulize mwenyewe, mwingine ana fundi wake wa bei nafuu, wa tatu anasema bandika stika yaishe.

Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli juu ya pikipiki ileile moja. Urefu wa mkwaruzo hauamui kitu. Kinachoamua ni kipande kilichoumia: kimetengenezwa kwa nini, na je, petroli hukigusa? Kava la plastiki ni kazi ya yeyote mwenye subira na kipande cha msasa. Tangi la mafuta ni kazi ya fundi rangi hata kama mchubuko ni mdogo kuliko sarafu, ilimradi umefika kwenye bati. Katikati ya hayo mawili kuna uwanja mpana, na humo ndimo watu wanamopotezea fedha.

Rangi iwe ya mwisho

Pikipiki inapolala, kinachotangulia kugonga chini ni vile vinavyotokeza: ncha ya usukani, mkono wa breki au wa klachi, kikanyagio, indiketa. Kagua hivyo kwanza. Hakuna faida ya kung'arisha chombo kisichokwenda sawa.

Kaa kwenye siti, nyoosha usukani, tazama tairi la mbele. Kama usukani umenyooka lakini tairi linatazama pembeni, shokapu za mbele zimejisokota kwenye vishikizo vyake. Mara nyingi dawa yake ni kulegeza bolti, kubana tairi kwa magoti, kurudisha usukani mahali pake na kukaza tena. Bomba la shokapu likiwa limepinda lenyewe, hilo ni la makanika. Mkono wa breki uliopinda usiunyooshe kwa koleo. Aluminiamu ya kumimina ikikunjwa mara ya pili hupata ufa usioonekana kwa macho, na hukatika siku unapoubana kwa nguvu zako zote, yaani siku ile hasa unapouhitaji. Mpya ni bei ndogo, nunua.

Tazama pia vifuniko vya injini pande zote mbili kama vinavuja oili. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe chochote mpaka ujue inatoka wapi: kwenye kabureta, kwenye mpira, au kwenye mfuniko wa tangi. Na kama ulikuwa umeipanda na kofia ngumu ikapiga lami, hiyo kofia imemaliza kazi yake hata kama haionyeshi ufa.

Jambo jingine kabla hujashika kitambaa: kama kuna aliyekugonga, piga picha za chombo kilivyo na uandike namba ya gari lake kwanza. Bima ndogo uliyoikatia pikipiki yako hailipi mchubuko wa pikipiki yako mwenyewe, kwa hiyo ushahidi ndio utakaokusaidia.

Kucha, kisha maji

Osha eneo lililoumia kwa maji na sabuni ya vyombo, likauke. Sasa pitisha ukucha kwa kukatisha mkwaruzo, usiufuate urefu wake. Ukucha ukiteleza bila kukwama, umeumia juu tu. Ukikwama, mkwaruzo umezama.

Kisha lowanisha. Rangi ya kiwandani kwenye tangi ina tabaka kama tatu: praima inayoshika bati, rangi yenyewe, na juu yake klia, ile tabaka angavu inayotoa mng'ao. Unene wa yote kwa pamoja, kwa kawaida, ni milimita 0.1 au zaidi kidogo. Mkwaruzo ukitoweka kwa muda unapolowana, umeishia kwenye klia, na hapo huhitaji rangi yoyote. Ukibaki unaonekana kwa rangi tofauti, nyeupe au kijivu, umefika kwenye praima. Ukiona chuma kinachong'aa au kutu, umefika chini kabisa na saa imeanza kuhesabu. Ukanda wa pwani, wenye hewa ya chumvi, bati lililo wazi huanza kutu kwa siku chache tu.

Kuna kipimo cha tatu kinachosahaulika. Fungua kava au madigadi utazame upande wa ndani. Ikiwa rangi ya ndani ni ileile ya nje, huenda kipande hicho hakijawahi kupakwa rangi: plastiki yenyewe imetiwa rangi wakati wa kumiminwa. Madigadi nyingi za pikipiki za kazi ziko hivyo, hasa nyeusi. Ukikipulizia rangi umejitafutia kazi ambayo kiwanda kiliikwepa, na ambayo utairudia kila mwaka. Hapo msasa laini na polishi vinatosha, au kukiacha kama kilivyo.

Mkwaruzo wa juu: fanya leo

Hii ndiyo kazi ambayo sioni sababu ya kumlipa mtu. Unahitaji msasa wa maji namba 2000, kompaundi ya kung'arishia rangi za gari, na vitambaa laini visafi. Kumbuka namba ya msasa inavyokuwa kubwa ndivyo unavyokuwa laini. Muuza duka akikupa 400 kwa kuwa 2000 imekwisha, rudi kesho.

Loweka msasa dakika kumi, tia tone la sabuni kwenye maji, zungushia kipande cha sponji au raba ili vidole visichimbe mifereji. Sugua taratibu, kwa kwenda na kurudi, huku ukiongeza maji. Eneo litakuwa na ukungu. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Futa, kausha, tazama: mistari ya mkwaruzo ikiwa haionekani tena ndani ya ukungu, acha kusugua mara moja. Klia ni nyembamba kuliko unywele wa mtu, na ukiimaliza huna njia ya kuirudisha bila kupuliza upya. Jihadhari hasa na kingo na mikunjo ya tangi, kwani huko ndiko rangi ilikokaa nyembamba na ndiko msasa unakokula haraka.

Baada ya hapo ni kompaundi kwa kitambaa, mizunguko midogo, mpaka ukungu uondoke na mng'ao urudi. Kwa alama za juujuu kabisa, kama zile za mfuko wa funguo au zipu ya koti kwenye tangi, kompaundi peke yake inatosha, na hata dawa ya meno nyeupe ya kawaida hufanya kitu, kwa kuwa nayo ina chembechembe za kusugua. Ila dawa ya meno haifanyi miujiza ambayo watu huisimulia.

Plastiki: jua unashika nini

Karibu kila kava lina herufi ndogo upande wa ndani. ABS ndiyo plastiki ngumu yenye mng'ao, inayotumika sana kwenye kava za pembeni na kwenye uso wa taa. PP ni laini zaidi, hukunjika kabla ya kuvunjika, na hupatikana sana kwenye madigadi. Herufi zikiwa zimefutika, kata kijipande kidogo mahali pasipoonekana ukitupe kwenye glasi ya maji: PP kwa kawaida huelea, ABS huzama.

Tofauti hiyo si ya kitabuni. ABS huyeyuka kwenye asetoni, kimiminika kinachouzwa kwa kuondolea rangi za kucha, kwa hiyo unaweza kutengeneza gundi yake mwenyewe. Chukua vipande vya kava jingine la ABS lililokwisha kuvunjika, vikate vidogo, vitie kwenye chupa ya kioo pamoja na asetoni kiasi cha kuvifunika, funga, acha usiku kucha. Asubuhi una uji mzito. Soma kibandiko kabla ya kununua, maana siku hizi baadhi ya viondoa rangi ya kucha havina asetoni, na hivyo havitafanya lolote.

PP haijali asetoni, na gundi nyingi za haraka haziishiki. Hiyo huungwa kwa joto. Mafundi hutumia ile pasi ndogo ya umeme wanayoyeyushia risasi mafundi redio: wanayeyusha kingo mbili ziingiane, kisha wanazamisha waya mwembamba upande wa ndani kukatisha ufa ili ushike kama mshono. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa nje penye upepo, kwani moshi wake si wa kuvuta. Alama nyeupe zinazobaki pale plastiki ilipokunjwa hupungua sana ukizipitishia kikausha nywele au kuzimwagia maji ya moto, kisha ukaminya kwa kidole kilichovaa glavu.

Uwe unaunga kwa uji au kwa joto, kwanza tafuta mwisho wa ufa na utoboe hapo tundu dogo la milimita 2 au 3. Ufa usipozibiwa njia, mtikisiko wa injini utauendeleza chini ya rangi yako mpya, na wiki ya tatu utauona umetokeza upande wa pili. Uimara wote wa kiungo uweke upande wa ndani, kwa PP ni ule waya, kwa ABS ni kipande cha wavu wa dirishani kilichozamishwa kwenye uji wake. Upande wa nje uache uwe wa sura tu.

Tundu la bolti likiwa limevunjika vipande, au kava limepoteza sehemu nzima, simamisha kazi na uulize bei ya kava jipya. Kwa pikipiki zinazouzwa kwa wingi, kama Boxer na TVS, kava na madigadi hupatikana kwenye maduka ya spea karibu kila mji, achilia mbali Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wakongwe bado wanaiita Grogan. Mara nyingi kava jipya la kuigiza ni nafuu kuliko kopo la praima, la rangi na la klia kwa pamoja. Kabla ya kulipa, lijaribu kwenye pikipiki yako palepale. Kava za kuigiza zina tabia ya kuwa na tundu moja lililokosea njia.

Kupuliza kwa kopo

Sasa tuseme kava limeungwa, au mkwaruzo wa plastiki umezama, na umeamua kupuliza. Asilimia kubwa ya kazi hii ni msasa, na rangi ni sherehe ya mwisho. Anayekosea kwenye msasa huiona kasoro yake vizuri zaidi baada ya klia, kwa sababu mng'ao hauna siri.

Vua kava lote. Usipulize likiwa kwenye pikipiki kwa kuziba na magazeti, kwani utakuta vumbi la rangi kwenye siti na kwenye vioo. Osha kwa sabuni mara mbili, hasa kama pikipiki yako hupakwa mafuta ya kung'arishia inapooshwa. Mafuta hayo, mengi yakiwa na silikoni, huifanya rangi ikimbie na kuacha vidoti vya duara vilivyo wazi, na msasa hauvitoi bali hueneza mafuta zaidi. Kwa kufuta mwisho tumia spiriti. Tina kali kwenye ABS huifanya plastiki iwe laini na kunata, na petroli nayo haifai, wala si salama.

Puti hutumika kidogo kujaza bonde, kamwe si kuunda umbo lililopotea. Chagua ile ya plastiki, inayokunjika kidogo. Hadina yake, ile dawa ya kuikaza, ni kama asilimia 2 ya uzito wa puti. Kwenye joto la Dar au Mombasa itakaza kabla hujamaliza kupaka ukichanganya nyingi, kwa hiyo changanya kiasi cha kijiko. Wapo wanaozidisha hadina ili wamalize upesi, na matokeo yake ni doa linalojitokeza juu ya rangi baada ya miezi. Ikikauka, anza na msasa namba 240 mkavu, kisha 400. Puti hunywa maji, usiitie msasa wa maji kabla ya kuifunika kwa praima. Ukifumba macho na kupitisha kiganja usihisi mpaka kati ya puti na plastiki, umefika. Macho hudanganywa na rangi, kiganja hakidanganyiki.

Kwa PP lazima utangulize praima ya plastiki, ile angavu inayopulizwa nyembamba kabla ya praima ya kawaida. Bila hiyo rangi itashika vizuri siku ya kwanza, kisha siku moja utaibandua yote kwa kucha kama ganda la kitunguu. ABS iliyosuguliwa vizuri haina ubishi huo.

Tikisa kopo dakika mbili nzima tangu usikie kigololi kinagonga. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza nje ya kipande, pita moja kwa moja, achia nje ya kipande upande wa pili, na mpito unaofuata ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono ukisimama katikati, rangi inatiririka. Mkono wa kwanza wa kupuliza uwe mwepesi kiasi cha kuona bado plastiki inatokeza. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano, pita tena. Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, na hili kila mtu analijua mpaka anaposhika kopo. Praima ikikauka isugue kwa 600 au 800 ya maji, ioshe, ikauke, ndipo rangi. Rangi ikiwa na chembe za kung'aa, usiiguse kwa msasa hata kidogo kabla ya klia, kwani utazilaza chembe njia tofauti na kubaki na doa la kivuli.

Hali ya hewa ni nusu ya ufundi. Pwani wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba rangi ya kopo hupata weupe kama pumzi kwenye kioo. Unyevu umenaswa ndani yake. Ngoja siku yenye jua, anza baada ya umande kukauka, maliza kabla ya upepo wa alasiri kuleta vumbi. Jua la wima halifai pia: plastiki ikiwa ya moto rangi inakauka kabla ya kutulia na kuacha uso wenye vinundu kama ngozi ya chungwa. Kivuli cha joto ndicho unachotaka. Walioko Arusha, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai wana shida ya upande mwingine: rangi inakawia. Liweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kutumia, lakini usilisogeze hata karibu na jiko.

Rangi yenyewe utaipataje? Usitafute rangi iliyoandikwa jina la pikipiki yako kwenye kopo. Nyekundu iliyokaa juani miaka mitatu si nyekundu ile ya kiwandani. Chukua kava la upande usioharibika, lisafishe kwa kompaundi, ulipeleke dukani kwa wachanganyaji wa rangi za magari wakutengenezee inayofanana nalo lilivyo leo. Nyeusi isiyo na chembe ndiyo rahisi kuliko zote. Zenye chembe na zenye kubadilika kwa mwanga ni ngumu hata kwa mafundi, na kama pikipiki yako ni ya namna hiyo, hilo peke yake linatosha kukupeleka kwa fundi.

Tangi

Klia inayotoka kwenye kopo la kawaida hukauka kwa kupoteza kimiminika chake tu. Petroli ikiimwagikia, inalainika, inakunjamana, inatoka na kitambaa. Na hakuna tangi lisilomwagikiwa: mtu wa pampu akivuta bomba, tone linashuka palepale mbele ya siti. Klia inayostahimili petroli ni ile ya kuchanganywa na hadina, inayokaza kwa mmenyuko wa kikemikali. Mafundi wazuri hutumia hiyo.

Basi si ungenunua hiyo hadina mwenyewe? Sikushauri. Hadina hizo zina isosianeti, kemikali inayojulikana kusababisha pumu kwa wapuliza rangi, na mwili wa mtu ukishaanza kuikataa, kiasi kidogo tu baadaye kinaweza kumbana kifua. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haiizuii kabisa. Inataka barakoa ya kupitishia hewa safi, chumba chenye feni, na ngozi iliyofunikwa. Ukiona fundi anapuliza klia kifua wazi na leso mdomoni, mwambie, ingawa pengine atacheka.

Tangi lililobonyea ni suala la hatari zaidi. Kuna mafundi wanaochomelea chuma kwenye bonde ili wavute. Tangi lililomwagwa petroli halijawa tupu: mvuke umebaki, na mvuke wa petroli ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa hulipuka kwa cheche moja. Ndiyo maana tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Usikubali tangi lako lisogezwe karibu na moto wa kuchomelea kabla halijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa na kujazwa maji karibu lote wakati wa kazi. Fundi akikujibu kuwa amelipuliza kwa kompresa na inatosha, beba tangi lako uondoke. Bonde dogo ambalo halijakata rangi, kwa maoni yangu, liache. Au livutwe kwa vifuniko vya gundi, bila moto, palipo na fundi mwenye vifaa hivyo.

Kuna mchubuko mmoja wa tangi unaoweza kuushughulikia mwenyewe, tena kwa haraka: kidoti kilichofika kwenye bati, kidogo kuliko punje ya mchele, mbali na mdomo wa tangi. Kikwangue kutu kwa ncha ya msasa, futa kwa spiriti, dondoshea rangi kwa kijiti cha meno, rudia kikikauka mpaka kijae. Hata rangi ya kucha nyeusi hufaa kuzuia kutu. Haipendi petroli, lakini utaidondoshea tena.

Kumchagua fundi

Usimhukumu kwa pikipiki inayong'aa mlangoni kwake. Kila rangi inang'aa ikiwa ya leo asubuhi. Muombe akuonyeshe aliyoipaka mwaka jana, au waulize madereva wa kijiwe cha jirani ni nani aliyewapakia na rangi imedumu vipi. Muulize anatumia klia gani na anachanganya na nini. Fundi anayeijua kazi atakujibu kwa sentensi mbili. Asiyeijua atakwambia usijali.

Kubaliana mapema nani ananunua rangi. Mimi napendelea kununua mwenyewe na kubaki na kilichosalia, maana siku ukichubuka tena utakuwa na rangi ileile. Mpelekee vipande tu, tangi likiwa limekaushwa mafuta na mfuniko wa ufunguo umeutoa wewe, wala usimwachie pikipiki nzima. Hivyo chombo hakitumiki jioni kwenda kununua nyama, na bolti zako zitakuwa kwenye mfuko wako. Malipo ya mwisho yabaki mpaka uone kazi juani. Kwenye kivuli cha gereji kila nyekundu inafanana.

Kwa dereva wa bodaboda, bei ya fundi ni sehemu tu ya gharama. Kama uko kwenye mkataba, hesabu unayompelekea tajiri mwenye chombo haisubiri rangi ikauke. Kava mwenyewe unaweza kulivua usiku, kulishughulikia taratibu kwa jioni kadhaa, huku pikipiki inafanya kazi bila kava upande mmoja. Tangi haliwezekani hivyo: bila tangi huna safari. Ukiwa na mwenzako mwenye tangi la kuazima, kazi ya tangi ndiyo ya kumpa fundi siku moja ya mapumziko, kwa makubaliano ya siku. Na kama chombo bado ni cha tajiri, muulize kabla ya kugusa rangi. Wengine wanataka kionekane kama kilivyotoka dukani hadi mkataba uishe, wengine hawajali mradi hesabu inafika.

Stika nayo isidharauliwe. Kwa mkwaruzo usiofika kwenye bati, au ulio juu ya plastiki, stika nzuri iliyobandikwa kwenye uso safi ni matengenezo halali kabisa. Juu ya bati lililo wazi haifai: inaficha kutu na kuihifadhia unyevu.

Ukishawishika kubadili rangi ya pikipiki nzima kwa kuwa imeshachubuka mahali pengi, kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Tanzania mabadiliko hayo hupelekwa TRA, Kenya hupelekwa NTSA. Pikipiki ya bluu yenye kadi ya nyekundu ni maelezo marefu barabarani.

Baada ya rangi

Rangi ikishikika kwa kidole haijakauka, imeanza tu. Iliyopulizwa kwa kopo ipe angalau siku mbili kabla ya kulirudisha kava, na usikaze bolti kwa nguvu, kwani mkazo wa spana hupasua rangi mbichi kuzunguka tundu. Kama unataka kuisugua kwa 2000 na kompaundi kuondoa ngozi ya chungwa, ngoja wiki. Polishi yenye nta ingoje mwezi, ili rangi imalize kutoa kimiminika chake. Stika mpya nazo zingoje. Katika siku hizo za mwanzo osha kwa maji mengi na mkono mwepesi, mbali na pampu ya nguvu ya mwosha magari, na vumbi usilipanguse kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi la barabarani ni msasa nalo. Tangi likitoka kwa fundi, muulize lini linaweza kutiwa mafuta, kisha uongeze siku moja juu ya jibu lake.